Taa za sola, mbalamwezi na hesabu za "ingekuwaje"

SWALI: Shikamoo dada. Mimi ni karani wa kikundi cha wavuvi hapa Kibirizi, Kigoma. Nimeingiza madaftari ya mwalo kwenye kompyuta: tarehe, mtumbwi, aina ya taa (karabai au za sola), saa za kukaa ziwani, lita za petroli na kilo za dagaa. Nimejifunza Python, lugha ya kuandika programu, nikaweka maktaba yake ya DoWhy, ya kukadiria nini kinasababisha nini. Inaniambia mitumbwi yenye taa za sola inapata dagaa wengi zaidi, lakini nikiingiza saa na petroli kwenye hesabu, tofauti karibu iishe. Wenye mitumbwi wanataka kukopa ili wote wafunge taa za sola, na wananiuliza wataongeza kilo ngapi. Niwajibu nini?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usiwape namba yoyote. Watu wataweka dhamana nyumba zao kwa neno lako, na hizo namba mbili ulizonazo hakuna hata moja inayojibu walichouliza.

DoWhy ilitolewa na watafiti wa Microsoft mwaka 2018, na tangu 2022 inatunzwa na mradi wa programu huria wa PyWhy. Imesimama juu ya kazi ya Judea Pearl, aliyepata tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 2011. Pearl alisisitiza kwamba kuuona mtumbwi una taa za sola ni jambo moja, na kwenda wewe mwenyewe kuufunga taa hizo ni jambo jingine. Mwenye sola leo ndiye mwenye mtaji, na mwenye mtaji ana injini kubwa na nyavu nzima. Ukimlinganisha na mwenye karabai unapima mtaji pamoja na taa.

Halafu daftari lako halina mwezi! Mvuvi yeyote wa Ujiji atakwambia dagaa hawakusanyiki kwenye taa mbalamwezi ikiwaka, ndiyo maana wengi hupumzika siku hizo. Sasa jiulize nani hutoka. Mwenye karabai anapiga hesabu ya mafuta ya taa, anaona hasara, analala. Mwenye sola hana mafuta ya kuogopa, huenda akajaribu bahati. Ikiwa ndivyo ilivyo hapo kwenu, sola inaandikwa kwenye usiku mbaya kuliko karabai, na hesabu inaionea. Mtaji unavuta namba juu, mwezi unaivuta chini. Bahati nzuri mwezi hauhitaji kuulizia mtu: mzunguko wake ni siku 29.5 hivi, Python itaukokotoa kutoka safu yako ya tarehe. Ongeza pia mistari ya usiku ambao mtumbwi haukutoka.

Saa za kukaa ziwani ziondoe kabisa. Mwenye sola pengine anakaa muda mrefu kwa sababu hahofii mafuta kuisha, kwa hiyo saa ni njia mojawapo ambayo taa inaleta dagaa. Ukizishikilia zisibadilike, unaifunga njia hiyo halafu unashangaa faida imekwenda wapi. Petroli nayo inachanganya, maana inabeba mtaji na mwendo wa usiku huo kwa pamoja. Badala yake andika nguvu ya injini, ambayo ilikuwepo kabla taa haijafungwa.

Haya yote maktaba haiwezi kuyajua. Inasubiri uichoree ramani ya mishale: nini kinasababisha nini. Usiichore peke yako usiku chumbani. Kaa na manahodha wawili watatu, karatasi kubwa, na kila mshale usiouchora uulize kwa sauti, kwa sababu kuacha mshale ni kudai kwamba uhusiano haupo kabisa. Baada ya hapo ndipo amri za DoWhy zifanye kazi: identify_effect ikuambie kama data yako inatosha kujibu, estimate_effect itoe makadirio, na refute_estimate iyatikise. Jaribio ninalolipenda ni la kubadilisha safu ya taa kwa taa za kubahatisha: faida ikibaki vilevile, jua kuna kasoro. Likipita lisikulevye, bado ramani yenyewe inaweza kuwa na kosa.

Kwa kuigiza "ingekuwaje" kwenye kompyuta, tumia sehemu ya DoWhy iitwayo gcm. Ukitaka kujua ingekuwaje kwa mitumbwi kwa ujumla kama ingefungwa sola, ni interventional_samples. Counterfactual_samples inajibu swali la usiku mmoja uliokwishapita, kwamba mtumbwi ule, usiku ule, ungepata nini, na inataka modeli ya aina ya InvertibleStructuralCausalModel, yaani inayoweza kurudi nyuma kutoka matokeo hadi mambo ya bahati ya usiku ule. Wazee wako wameuliza la kwanza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni neno "wote". Hesabu hizi zinachukulia kwamba taa ya mtumbwi mmoja haigusi samaki wa mwingine. Ziwani si hivyo. Taa kali inavuta dagaa ambao wangekwenda kwa jirani mwenye karabai, na jirani naye akifunga sola, ule wizi mdogo unaisha. Faida ya wachache haizidishwi kwa idadi ya mitumbwi. Na dagaa wakifurika mwaloni siku moja, bei itashuka.

Jambo dogo: upande wa Tanzania uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Usiziandike siku hizo kuwa "hakutoka", na majuma ya baada ya kufunguliwa yape safu yake.

Kwa hiyo waambie wakope kwa awamu. Taa chache zinunuliwe, wapate watakaoshinda kura ya bahati nasibu, kura ipigwe mbele ya kikundi chote. Kura haijui nani ana mtaji wala nani nahodha hodari, hivyo mshale kutoka mtaji kwenda taa unakatika. Wewe andika matokeo ya walioshinda na walioshindwa, mwezi hadi mwezi, na uangalie hasa kama waliobaki na karabai jirani na wenye sola wanaanza kupungukiwa.