Sungura anayekula kinyesi chake si mgonjwa

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga sungura, hapa Morogoro, nilikuwa napita bandani na tochi saa kumi na moja alfajiri kabla ya kuwahi daladala. Siku moja nikamkuta jike wangu wa kijivu kainama, kichwa kakiingiza katikati ya miguu ya nyuma, mdomo unacheza. Nikadhani anajilamba kidonda. Kumbe anakula mavi yake. Chini ya wavu kilikuwa kimeanguka kishada kimoja: vipunje vidogo vyeusi, vinang'aa, vimeshikana kama zabibu, vinanuka kuliko yale magololi makavu niliyozoea kufagia. Nikajiamulia mwenyewe kichwani: anaharisha, tena njaa inamtesa.

Nikaongeza pumba, makombo ya mkate na kabichi za kuokota sokoni. Nikawapa na vitoto vyake 11, ambavyo nilikuwa nimeviachisha ziwa vikiwa na wiki nne tu.

Ngoja nieleze kwanza nilichokuja kukijua kwa kuchelewa. Sungura hacheui kama mbuzi. Nyasi zake zinashughulikiwa nyuma kabisa, pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana, kwenye mfuko uitwao sekamu. Mfuko huo unabeba karibu asilimia 40 ya vyote vilivyomo kwenye njia yake ya chakula. Humo wamejaa bakteria, wengi wa jamii ya Bacteroides, wanaochachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi zinazompa sungura nguvu. Wanatengeneza pia vitamini za kundi B na vitamini K, na miili yao yenyewe ni protini.

Sasa, mali hiyo inatengenezwa baada ya utumbo mwembamba, yaani imeshapita mahali pa kufyonzwa. Ndiyo maana sungura anaipitisha mara ya pili. Anakipokea kile kishada kwa mdomo kutoka mkunduni na kukimeza kizima, na ute unaokifunika unakikinga na ukali wa asidi tumboni. Yale magololi makavu ni kitu kingine: ni vipande vikubwa vya nyasi ambavyo utumbo mpana huvichuja na kuvitoa haraka, huku chembe ndogo na maji vikirudishwa sekamu. Vipande hivyo vikubwa ndivyo vinavyosukuma utumbo ufanye kazi. Pumba iliyosagwa haiwezi kazi hiyo, hata ujaze ndoo.

Vile vitoto vilianza kuvimba matumbo siku ya tatu. Wanga mwingi kwa kitoto kilichoachishwa juzi unafika sekamu haujameng'enywa, na huko unawanenepesha bakteria wabaya, hasa wa jamii ya Clostridium, ambao sumu yao inaua upesi. Mimi nikakoroga kwenye maji vidonge vya amoksilini vilivyobaki nyumbani. Msifanye hivyo kamwe. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni mwa sungura zinafyeka bakteria wazuri na kuwaachia wabaya uwanja. Nilizika saba.

Jirani yangu, mama mmoja aliyefuga siku nyingi, alikuja kunipa pole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uliwapa nini?"

Nikamtajia vyote. Akatikisa kichwa. "Umewaandalia harusi. Sungura hali vya harusi, anakula nyasi."

Tangu siku hiyo hei, yaani nyasi zilizokaushwa, haikosekani bandani, usiku na mchana. Matete nayaanika nusu siku yanyauke kwanza. Chakula kipya nachanganya kidogo kidogo na cha zamani kwa siku saba hadi kumi, kwa sababu bakteria nao wanahitaji muda wa kuzoea. Peleti, kile chakula cha punje cha dukani, ni kiganja tu; mkate hapana. Na siwatenganishi watoto na mama kabla ya wiki ya sita.

Jambo jingine lililonishangaza ni kiota. Nilikuwa nakisugua kila siku king'ae, najiona mfugaji msafi kweli. Lakini mama huacha humo magololi machache makusudi, na watoto huyatafuna. Ni njia mojawapo ya kupata bakteria wa kuanzia maisha. Siku hizi naondoa kilicholowa tu.

Vishada laini vikibaki vingi chini bila kuliwa, napunguza peleti. Mara nyingi amelishwa vizuri kupita kiasi, au amenenepa hawezi kujikunja. Magololi yakiwa madogo kuliko kawaida, nakagua hei na meno. Yakikoma kabisa na sungura hagusi chakula, simsubiri akae sawa hadi kesho, namwita mtaalamu wa mifugo saa hiyo hiyo, na jambo la kwanza ninalomwambia ni kwamba huyu ni sungura, asije akamwandikia dawa ya kuku.

Yule wa kijivu bado yupo. Nikimkuta kainama alfajiri, nazima tochi nimpishe amalize.