Pawa klini ilinikwamia kilo 60 kwa sababu ya mikono

Mimi ni mchezaji wa mpira wa wavu, na pawa klini, yaani kuinua chuma chenye sahani za uzito kutoka sakafuni hadi mabegani kwa mkupuo mmoja, niliianza kwa sababu moja tu: nilitaka kuruka juu zaidi kwenye neti. Karibu mwaka mzima nilikwama kwenye kilo 60. Nikiongeza kidogo tu, chuma kinanikimbia mbele au kinanitua kwenye mitulinga kwa kishindo mpaka ngozi inachubuka. Nikaamini sina nguvu, nikazidisha mazoezi ya mabega na mikono. Kumbe nilikuwa naulisha ugonjwa wenyewe.

Siku moja mwenzangu wa jimu alinirekodi kwa simu akiwa amesimama ubavuni kwangu, tukaitazama ile video polepole. Chuma kilikuwa hakijavuka hata magoti, na viwiko vyangu vilikuwa tayari vimekunjika. Nilikuwa navuta kwa mikono mzigo ambao ulipaswa kurushwa na miguu na nyonga.

Fikiria kamba ya ndoo kisimani. Kamba haivuti, inashikilia tu. Anayevuta ni mtu aliye juu. Kwenye pawa klini mikono ndiyo kamba. Inabaki imenyooka mpaka umeshasimama wima kwa nguvu zote, na hapo tu ndipo viwiko vinapopata kazi: kuzunguka haraka na kutokeza mbele ili chuma kikae mabegani. Ukikunja mapema, nguvu ya nyonga inapotelea kwenye viwiko na chuma kinaenda mbali na mwili.

Nilishusha uzito hadi kilo 40, na kwa miezi miwili sikuinua kutoka chini kabisa. Nilianza nikiwa nimesimama, chuma kikigusa mapaja. Nasukuma makalio nyuma, kifua kikiwa juu, chuma kinateleza kwenye mapaja hadi juu kidogo ya magoti. Natulia hapo kwa hesabu ya moja. Kisha nasimama kwa kishindo kama anayeruka kuzuia mpira, chuma kikipita karibu na nguo kiasi cha kuzisugua. Bukta zangu mbili zilipauka sehemu ya juu ya paja, na ndiyo alama niliyokuwa naitafuta. Baadaye nikashuka hadi chini ya magoti, mwisho sakafuni.

Kutoka sakafuni, kosa la wengi ni haraka. Wanakinyakua chuma, makalio yanapanda kabla ya kifua, na wakifika magotini mgongo umeshalala. Sukuma sakafu kwa miguu, mgongo ubaki na mwinamo uleule mpaka chuma kivuke magoti. Kasi yote iweke baada ya hapo.

Na hapa niseme jambo la jimu zetu za mtaani. Sahani za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma huanzia kama sentimita 22 kutoka chini. Sisi wenye sahani ndogo, au vyuma vya saruji vilivyomwagwa kwenye makopo, chuma kinalala chini mno na mgongo unalazimika kujikunja. Weka mbao au matairi ya zamani chini ya kila upande mpaka chuma kifike katikati ya miundi. Badiliko hilo lilinipa nafuu ya kiuno ndani ya wiki moja.

Mshiko nao: gumba liingie chini, likizunguke chuma, kisha kidole cha shahada na cha kati vilibane gumba hilo. Wiki mbili za kwanza linauma kwelikweli. Vumilia, maana ukishika hivyo huhitaji kukaza mikono, na mkono usiokazwa haukunji kiwiko mapema. Chuma kikifika mabegani, legeza; vidole viwili au vitatu chini yake vinatosha. Viganja vyangu viliacha kuuma nilipoacha kukishika kama naogopa kuibiwa.

Miguu niliirekebisha kwa chaki: nilichora mstari mbele ya vidole. Nilikuwa natua nje ya mstari, miguu imetanuka. Siku hizi natua palepale au nyuma kidogo, upana wa mabega, magoti yamekunjwa kidogo tu.

Jambo moja ambalo sikubaliani nalo kabisa ni kuipiga mara 15 au 20 mfululizo ili kutoa jasho. Mtu akichoka anarudi kwenye mikono. Mimi napiga mara 2 au 3, napumzika dakika 2 hadi 3, seti 5, tena mwanzoni mwa mazoezi baada ya kupasha mwili moto.

Kilo 60 nilizivuka mwezi wa nne baada ya kurudi nyuma. Sasa niko 75, na simu bado naiegemeza kwenye ndoo ubavuni, usawa wa nyonga. Baada ya kila seti natazama viwiko kwanza.