Ndugu yetu alitaka kujiua, na daktari wa akili yuko mbali. Tufanyeje?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 24, alikunywa sumu ya shamba mwezi uliopita. Alikuwa akidaiwa mikopo ya simu. Allah alimnusuru, lakini tangu atoke hospitali hasemi na mtu. Mzee mmoja msikitini anasema ametoka katika dini, asipewe salamu mpaka atubu hadharani. Wengine wanataka apelekwe kwa mganga. Huku kwetu Kwale ndani hakuna daktari wa akili, nauli ya Mombasa ni shida, na tunaogopa polisi. Je, angekufa angesaliwa?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh. Dada yangu, kabla ya hukumu yoyote, leo hii jua halijatua itoeni nyumbani sumu iliyobaki. Apewe jirani mnayemwamini aifungie kwa kufuli. Msiseme aliyeazimia atatafuta njia nyingine tu. Mara nyingi wazo hili hupanda kwa saa chache kisha likashuka, na mtu asipoikuta sumu karibu saa ile, aghalabu huishi. Sri Lanka, nchi ya wakulima na isiyo tajiri, ilipiga marufuku dawa za shamba zilizo kali zaidi kuanzia miaka ya 1990, na kiwango cha watu kujiua kikashuka kwa takriban asilimia 70. Kilichofanya kazi kubwa pale ni kuondolewa kwa sumu, si wingi wa madaktari. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia, na kufuli hilo ni ibada.

Kujiua ni haramu na ni dhambi kubwa. Lakini isomeni aya ya 29 ya Surat An-Nisaa mpaka mwisho: "Wala msijiue. Hakika Mwenyezi Mungu ni Mwenye kukurehemuni." Kumtoa mtu katika Uislamu kwa jambo hili si kauli ya Ahlus-Sunna. Imam Muslim amepokea kwamba Tufayl bin Amr alihamia Madina pamoja na mtu wa kabila lake. Mtu yule akaugua, akashindwa kuvumilia, akajidhuru mikono mpaka akafa. Tufayl akamwota yu katika hali njema, ila mikono kaifunika. Aliposimuliwa hayo, Mtume (s.a.w.) aliomba: "Ewe Mola, na mikono yake pia isamehe." Huyo alikwisha kufa. Ndugu yako yu hai, na toba yake ni baina yake na Mola wake. Namuomba mzee wetu, kwa heshima yake, awe wa kwanza kumpa kijana salamu.

Kama angefariki, angeoshwa, angekafiniwa na angesaliwa, kwa madhehebu yetu ya Shafii na kwa wanazuoni walio wengi.

Mtazameni Bibi Maryam. Uchungu ulipomzidi alisema: "Laiti ningelikufa kabla ya haya!" Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akaonyeshwa maji chini yake na tende mbivu za kuangukia, akaambiwa ale, anywe, atulize jicho, na siku ile asiseme na mtu. Mola alimkinga hata na maswali ya watu. Basi msimsimamishe kijana mbele ya kijiji ajieleze.

Nyinyi wa nyumbani, lakini, muulizeni kwa upole na waziwazi: bado unawaza kujiua? Swali hilo halimtii wazo kichwani, humpunguzia mzigo. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na mwende hospitali usiku huohuo. Polisi wasiwazuie: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume na Katiba.

Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu. Anzeni na zahanati iliyo karibu, mwelezeni mhudumu hali yote bila kuficha, naye awaandikie rufaa. Kisomo cha Qur'ani ni kheri pamoja na dawa. Mganga wa kumfunga kamba au kumnyima chakula msimkubali kabisa.

Na mzuruni. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2008, uliofanywa katika nchi tano ikiwemo Iran, watu waliojaribu kujiua walipewa mazungumzo ya saa moja, kisha wakatembelewa au kupigiwa simu mara tisa ndani ya miezi 18. Waliokufa baadaye kwa kujiua walikuwa asilimia 0.2, na kwa wasiofuatiliwa hivyo ni asilimia 2.2. Vijana wa msikiti wanaweza kugawana zamu hizo.

Limebaki deni. Mtume (s.a.w.) alijikinga kwa Allah na huzuni na uzito wa deni katika dua moja. Surat At-Tawba, aya ya 60, imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka, na fukara pia wametajwa, kwa hiyo nauli na dawa zinaingia. Hata kama deni lilitokana na kamari, akishatubu anaweza kusaidiwa. Mpelekeeni imamu wenu jibu hili, kamati ya zaka ikae wiki hii.

Wallahu aalam.