Kwa unayeanza tasnifu kuhusu Wilder na Pirandello

Kabla hujaandika hata mstari mmoja kuhusu deni la Thornton Wilder kwa tamthilia ya Kiitaliano, angalia umeshika toleo lipi la tamthilia ya Pirandello. Mimi nilichelewa kulijua hilo, ikanibidi niandike upya sura nzima.

Wilder, Mmarekani, aliishi Roma mwaka 1920 hadi 1921. Mei 1921 tamthilia ya Luigi Pirandello, "Sei personaggi in cerca d'autore" (Wahusika sita wanaomtafuta mtunzi), ilioneshwa katika ukumbi wa Teatro Valle, Roma, na baadhi ya watazamaji wakapiga kelele "Manicomio!", yaani nyumba ya vichaa. Wilder aliitazama mjini humo. Basi nikaandika kwa furaha kwamba wale wahusika sita, wanaopita katikati ya watazamaji hadi jukwaani, ndio waliomfundisha kuzungumza na ukumbi. Kumbe njia hiyo imo katika toleo la 1925! Mwaka 1921 walitokea nyuma ya jukwaa. Nilikuwa nimemwonesha Wilder kitu ambacho kilikuwa bado hakijaandikwa.

Kilichobaki kina nguvu zaidi. Kwa Pirandello, watazamaji wanakuta pazia limeshapandishwa, jukwaa tupu, nusu giza, kama lilivyo mchana wa mazoezi. Katika "Our Town", tamthilia ya Wilder ya 1938, hakuna pazia wala mandhari. Msimamizi wa Jukwaa, mhusika anayeuongoza mchezo, anatoka, anapanga meza na viti, ndipo anataja jina la tamthilia na la mtunzi. Ziweke kurasa hizo mbili mezani sambamba, uzisome polepole. Kwa Pirandello kiongozi wa kikundi cha waigizaji anazidiwa: wahusika wanabishana naye, wanadai mchezo wao uigizwe wanavyoujua wao. Kwa Wilder, msimamizi ndiye mwenye saa. Anakatiza maongezi, anaruka miaka. Jukwaa tupu ni lilelile, lakini kwa Pirandello kuna fadhaa na kwa Wilder kuna utulivu. Tasnifu yako imo humo.

Tena usimpe Pirandello kila kitu. Katika Roma ileile Wilder alisoma akiolojia, akaona makaburi ya kale yakifukuliwa. Ndiyo maana mimi husimama kila ninapofika pale Msimamizi anapotaka nakala ya tamthilia iwekwe katika jiwe la msingi la benki mpya, ili watu wa miaka elfu ijayo wajue wenyeji wa mji ule waliishi vipi. Hilo Wilder alilitoa ardhini, si ukumbini.