Maswali ya Wasomaji: Mistari Hii ni ya Nyota au ni ya Hewa Yetu?

SWALI: Assalaam aleikum, Mhariri. Nafundisha fizikia hapa Malindi. Katika spektra, yaani picha za mwanga uliotawanywa katika rangi zake, tunazopiga kwa darubini ya shule, kuna mstari mnene mweusi karibu na nanomita 760 ambao hautoki, tuelekeze darubini kwenye nyota yoyote ile. Wanafunzi wanauliza unatoka wapi na huondolewa vipi, na zaidi ya hapo, wataalamu walijuaje kwamba maji ya Mirihi hayakuwa mvuke wa hewa yetu?
Mwalimu, Malindi

JIBU: Waaleikum salaam, Mwalimu. Mstari unaojitokeza palepale kwa kila nyota ni wetu, na huo wenu ni wa oksijeni, ambayo hufyonza mwanga kati ya nanomita 759 na 770. Mvuke wa maji nao hufyonza karibu na nanomita 720, 820 na 940, na huo ndio wenye taabu zaidi, kwa kuwa oksijeni imechanganyika hewani kwa kiasi kinachojulikana, ilhali mvuke hubadilika usiku uleule mmoja, na pwani yetu haukosekani, iwe kaskazi au kusi. Ndiyo maana darubini kubwa huwekwa mahali pakavu palipoinuka, kama Paranal katika jangwa la Atacama, Chile, mita 2,635 juu ya bahari.

Kinachobaki huondolewa kwa kulinganisha. Mara tu baada ya kupima nyota yako, pima nyingine yenye joto kali, ya aina ya A0 kama Vega, iliyo jirani na yenye kimo kilekile juu ya upeo wa macho, ili mwanga wa zote mbili upite katika unene uleule wa hewa. Nyota hizo zina mistari michache, ila ile ya haidrojeni ni minene na lazima ifutwe kwanza, la sivyo itazaa vilele vya mwanga ambavyo nyota yako haina. Kisha gawa spektra ya kwanza kwa ya pili. Nasisitiza kugawa, kwa sababu hewa inayopitisha asilimia 60 ya mwanga wa nyota hafifu hupitisha asilimia 60 ya mwanga wa nyota kali vilevile. Kutoa ni kwa mwanga ambao anga lenyewe huwaka, kama mstari wa kijani wa nanomita 557.7, unaopimwa kando ya nyota.

Siku hizi programu kama Molecfit hukokotoa mistari ya hewa kutokana na sifa za molekuli, joto na kanieneo, lakini kwa darasa ningeanza na nyota ya kulinganishia. Hewa ikimeza karibu mwanga wote, hakuna hesabu itakayoufufua. Kwa miale ya eksirei ilibidi setilaiti ya Uhuru irushwe, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco, hapo hapo baharini kwenu.

Kuhusu Mirihi, mwaka 1894 mwanaastronomia Campbell, akiwa California, aliilinganisha na Mwezi, ambao hauna angahewa ya maana, asione tofauti yoyote, na madai ya awali ya maji yakatiliwa shaka. Mwaka 1963 wanasayansi Spinrad, Münch na Kaplan walipima wakati mwendo wa Mirihi kwa kulinganisha na Dunia ulipoisogeza mistari yake kidogo, na karibu na nanomita 820 mistari hafifu ya maji ikaonekana kando ya ile minene ya kwetu. Mvuke huo wote, ukigeuzwa maji na kutandazwa juu ya sayari, walikadiria kina chake kuwa takriban maikromita 14.