Usimgeuze Msichana Kuwa Mvulana Ili Mchoro Wako Upite

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa msomaji, msanii chipukizi. Amechora wasichana wawili wakibusiana chini ya mwavuli, na anataka kuupeleka mchoro huo kwenye shindano la mtandaoni lenye mada ya mapenzi. Kaniuliza: "Kaka, nikimkata huyu mmoja nywele na kumpa mabega mapana, si utapita tu?"

Usifanye hivyo, mdogo wangu. Najua hofu hiyo imetoka wapi, maana mimi yalinikuta.

Shindano lilikuwa kubwa na sheria yake ilieleweka: busu ruksa, kukumbatiana ruksa, sehemu za siri na tendo lenyewe marufuku. Nilichora wazee wawili wa kiume kwenye kituo cha basi, wote wamevaa makoti. Mmoja anamfunga mwenzake kifungo cha juu, na huyo anayefungwa ameinama kumbusu kwenye paji la uso. Mikono ile ilinitoa jasho: mishipa, ngozi iliyolegea kwenye vifundo vya vidole, kifungo kinachoning'inia kwa uzi mmoja. Hadi leo sijachora mikono mizuri kuliko ile, na nasema hivyo bila aibu.

Kabla siku haijaisha, mchoro ukabandikwa alama ya maudhui ya watu wazima. Kwa asiyeyajua mashindano haya, alama hiyo si jambo dogo. Picha inafunikwa ukungu. Asiyejiandikisha haioni kabisa, na aliyejiandikisha haioni mpaka aende mwenyewe kwenye mipangilio akaondoe kichujio, kitu ambacho wengi hawajawahi kukigusa. Na kura za mapema ndizo zinazobeba: mchoro uliozipata unapandishwa juu, ukiwa juu unaonekana, ukionekana unazidi kupigiwa. Aliyefichwa mwanzoni, hata akifunguliwa baadaye, wenzake wameshafika mbali.

Mchoro ulioshinda ulikuwa wa mwanamume na mwanamke kitandani, shuka imewafunika kiunoni, mgongo wa mwanamke uko wazi, midomo imegusana. Ni mchoro mzuri, sina ubishi, ule mwanga wa dirishani aliyeuchora kauweza kweli. Haukuwa na alama yoyote. Nilipolalamika nikajibiwa kwamba watazamaji kadhaa walikuwa wameuripoti mchoro wangu. Basi, hiyo ndiyo sababu yenyewe! Anayechukia kuona wanaume wawili anabonyeza kitufe cha kuripoti, wenzake nao wanabonyeza, na mfumo unaificha picha kabla binadamu hajaitazama. Chuki imehesabiwa kama ushahidi. Alama yangu iliondolewa kura zikiwa zimeshafungwa. Bado inaniuma.

Wala hili halikuzaliwa na intaneti. Mchoraji wa Austria Gustav Klimt alipoonyesha mchoro wake wa busu la mwanamume na mwanamke mwaka 1908, serikali ya nchi hiyo iliununua mwaka huohuo. Mwaka 1934 mchoro wa Mmarekani Paul Cadmus wa mabaharia waliolewa, ambamo mwanamume mmoja anampa baharia sigara kwa namna iliyoeleweka vizuri kuwa anamtongoza, uliondolewa kwenye jumba la sanaa la Corcoran mjini Washington kwa shinikizo la jeshi la wanamaji la Marekani. Mwaka 1989 jumba hilohilo likafuta maonyesho ya mpigapicha Robert Mapplethorpe, yaliyokuwa na picha za mapenzi ya wanaume kwa wanaume, kabla hayajafunguliwa. Na mwaka 2017 YouTube ilikiri kwamba kichujio chake kilikuwa kinaficha video za wapenzi wa jinsia moja ambazo hazikustahili kufichwa, ikaomba radhi. Kwa hiyo asikwambie mtu kwamba unajiona mnyonge bure.

Sasa fanya hivi. Soma sheria ya shindano na uhifadhi nakala yake kabla hujapeleka kitu. Usijibandikie mwenyewe alama ya watu wazima kwa woga. Ukishajibandikia huna pa kulalamikia. Waombe rafiki zako wapige kura mapema. Mchoro ukifichwa, piga picha za skrini siku hiyohiyo: wa kwako, na ile mingine yenye busu kama lako au zaidi ambayo imeachwa wazi. Kisha waulize waandaaji swali moja tu: ni kitu gani kwenye mchoro wangu kimevunja sheria ambacho hakimo kwenye ile? Usitukane, usiandike hadithi ndefu. Rudia swali hilohilo mpaka lijibiwe. Kama unaishi mahali ambapo sheria inaweza kukuadhibu, tumia jina la usanii na usiache kwenye akaunti chochote kinachoonyesha uliko. Usalama wako kwanza, tuzo baadaye.

Lakini wasichana waache wawe wasichana. Ukimbadilisha mmoja, ukashinda, utakuwa umeshinda kwa mchoro usio wako, na shindano lijalo watakutarajia uwabadilishe tena. Nimewaona wasanii wenye vipaji kuliko mimi wakichora "marafiki" na "ndugu" mwaka hadi mwaka, mpaka kazi zao zikapoa kabisa.

Nanyi waandaaji, maana najua mnanisoma: wekeni binadamu aitazame picha kabla haijafichwa. Na mkigundua mmemficha msanii kimakosa, mwongezeeni muda wa kura sawa na ule aliofichwa. Mifumo yenu inaujua muda huo hadi dakika, kwa hiyo kisingizio cha ufundi hamna.