Ningu kutopanda Mto Simiyu: kagua mlango wa mto kabla ya kumlaumu sangara

Mkuu, umeuliza kwa nini samaki aina ya ningu na kuyu hawapandi Simiyu, mto wa Tanzania unaoingia Ziwa Victoria, kama zamani mvua zikianza, na kama ni sangara aliyewamaliza. Sangara anachangia, ila ukimbebesha mzigo wote utaziacha sababu ambazo ninyi wa wilaya ya Magu mnaweza kuzirekebisha. Nyavu za makila, zile za kutega zinazonasa samaki kwenye matundu yake, ziliingia Ziwa Victoria mwaka 1905. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaja kulitawala ziwa miaka ya 1980. Ningu wa Mto Nzoia kule Kenya walikuwa wameshaporomoka kabla sangara hajatapakaa, kwa nyavu zilizotegwa mlangoni mwa mto, pale unapoingia ziwani.

Tabia ya ningu ndiyo inayomponza. Anaishi ziwani, lakini mto ukijaa na maji kuwa mekundu, anapanda kwa makundi kwenda kutaga. Anaingia kwenye majani ya pembeni yaliyofunikwa na mafuriko, anataga, kisha anashuka. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache na watoto hushuka maji yakipungua. Maana yake samaki wa msimu mzima wanapita njia moja nyembamba, kwa siku chache, na mayai tumboni. Wavu ukikingwa ng'ambo hadi ng'ambo mafuriko ya kwanza yanapoingia, unazoa wazazi hata kabla hawajaacha mbegu.

Hili unaweza kulihakikisha kwa kisu. Nunua ningu kama 20 kwa wiki kwenye mwalo (pale wavuvi wanaposhushia samaki) ulio karibu na mlango wa mto, uwapasue. Mifuko ya mayai ikiwa imejaa tumbo zima na chembe zinaonekana mojamoja, huyo kakamatwa akipanda. Ikiwa imelegea, ina wekundu, na chembe zilizobaki ni za kuhesabu, huyo ameshataga. Andika tarehe na kimo cha maji. Siku za mwanzo wote watakuwa wamejaa, hiyo ni kawaida, usikurupuke kutoa hukumu. Endelea wiki 3 au 4. Kama waliolegea hawaonekani kabisa hata maji yakianza kupungua, basi wanaofanikiwa kupita ni wachache mno.

Nyavu nazo zipimwe vizuri, maana hapo ndipo ubishi unapoanzia. Loweka wavu, vuta jicho, yaani tundu moja la wavu, mpaka linyooke, pima kutoka fundo hadi fundo la upande wa pili. Usipime upande mmoja wa jicho: utapata nusu ya kipimo na kumwonea mtu.

Baada ya mlango, nenda kwenye majani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Chukua kamba ya mita 60, tembea nayo, uone matuta ya mahindi na majaruba ya mpunga yameingia umbali gani. Pakishalimwa, ningu amekosa pa kutagia hata kama amepita salama. Kuyu anaumia kwa namna nyingine: yeye anataka changarawe safi yenye maji yanayotembea, na udongo wa mashambani ukiijaza ile mianya, mayai yanakosa hewa. Chota changarawe kiganjani, isuuze ndani ya ndoo ya maji safi. Ndoo ikigeuka uji wa matope, jibu umelipata.

Kiangazi mto unakatika na kubaki madimbwi. Samaki wadogo waliokwama humo wanakokotwa kwa chandarua mchana mmoja. Hawa ndio wa misimu ijayo.

Dawa za kuua wadudu wa pamba zinahitaji jicho kali. Bomba la kupulizia la lita 15 au 20 likisuuzwa mtoni, wanaotangulia kufa ni wadudu wa majini na uduvi, hivyo geuza mawe: kama chini hakuna mdudu hata mmoja ilhali maji yanaonekana safi, shuku sumu. Samaki wakihema juujuu alfajiri na kutulia jua likipanda, hiyo zaidi ni upungufu wa hewa kwenye maji yaliyotuama.

Kwa msimu huu, ningeanza na BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu. Kubalianeni kabla ya mvua, siyo mto ukishajaa na watu wana nyavu mkononi. Mlango wa mto ubaki wazi kabisa kwa wiki 3 tangu mafuriko ya kwanza, na baada ya hapo wavu usizidi theluthi ya upana wa maji. Chomekeni miti miwili yenye vitambaa vyeupe kuonyesha mpaka, na mtu mmoja aendelee kupasua wale 20 kila wiki na kuandika kwenye daftari lilelile, ili mwakani mlinganishe.